Hodi Tatu, Mlango Mmoja

Ngigi alikuja na mizani yake Ijumaa mchana, na hapo Kavindu akajua kwamba safari hii Mzee Naftaly hakuwa akitisha tu.

Ngigi alinunua vyuma chakavu. Kariobangi nzima ilimjua kwa mkokoteni wake wenye tairi za gari, na kwa tabia yake ya kugonga kitu kwa kidole kabla ya kukitajia uzito. Aliingia katika chuo cha uchapaji bila kubisha, akapita katikati ya meza za wanafunzi, akafika kule nyuma zilikokaa zile mashine tatu kubwa. Aligonga ubavu wa ya kwanza, akainamisha sikio kama daktari.

"Hii iko na chuma ya ukweli," alisema. "Si kama hizi za siku hizi, bati tupu. Buda, hapa jiko mbili za makaa zinatoka, na kikaango juu."

"Tafadhali usiiguse," Kavindu alisema, lakini kwa sauti ile yake ndogo ambayo hata wanafunzi wa meza ya mbele huwa hawaisikii. Ngigi hakuisikia. Aligonga ya pili.

Naftaly Ng'ang'a, mwenye chuo, alivua miwani akaifuta kwa ncha ya tai. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliomtia Kavindu hofu, kwa sababu mtu mpole akishaamua habishani tena.

"Kavindu, mimi sina ubaya na mashine zako. Zimetulisha. Lakini mtoto anaandika neno, herufi mbili zinapotea. Juzi mzazi ameniuliza kama hapa tunafundisha kuandika ama kung'oa meno." Wanafunzi walicheka. Yeye hakucheka. "Jumatatu asubuhi. Zikimeza herufi tena, Ngigi anabeba zote tatu, nami nitafute zile mpya wanazotumia wenzangu."

"Hata Tena, hii yangu?" Kavindu aliuliza, akiweka mkono juu ya moja ya zile tatu. "Tena haimezi."

"Sasa nibaki na moja nifanyie nini?"

Ngigi alikunja mizani yake. "Jumatatu basi, mwalimu," alimwambia Kavindu, akimwonyesha meno yote. "Uzipanguse vumbi. Vumbi halina uzito."

*

Mashine hizo, kila moja ikiendesha kwa nyaya meza zake kadhaa za wanafunzi, zilikuwa na majina ya mitaa. Tena ilikuwa ya Kavindu, Umoja ya Nzau, na Dandora ya Mwanzia, kila moja kwa jina la mtaa alikotoka mwenyewe. Miaka minne nyuma, walipomaliza masomo ya kompyuta, watatu hao walizikuta katika ghala la Naftaly, zimetupwa na ofisi za mjini, kila moja ya kampuni yake, hakuna inayofanana na mwenzake hata kwa skrubu. Naftaly alikuwa amezinunua kwa bei ya mabati akitumaini kwamba mtu fulani, siku fulani, angezifufua. Kwa majuma mengi walishinda sakafuni na bisibisi, wakila mahindi ya kuchoma, wakipigiana kelele juu ya sauti ya mchomelea madirisha aliyekuwa upande mmoja na kinu cha posho kilichokuwa upande wa pili. Au tuseme Nzau na Mwanzia walipigiana kelele. Kavindu alishika tochi.

Mfumo waliozitilia ulikuwa wa bure, walipewa na mhadhiri wao kwenye diski moja. Ndani yake, chini ya programu nyingine zote, kuna sehemu inayoitwa kiini. Hiyo ndiyo inayozungumza na vyuma vyenyewe. Mtu akibonyeza herufi kwenye kibodi, waya hupeleka mshtuko mpaka kwenye mashine, na kiini lazima kiache kilichokuwa kikifanya kiuitikie. Vitabu vyao vya chuo vilikuwa na jina refu la Kiingereza kwa jambo hilo. Mwanzia alilibadilisha siku ya kwanza.

"Hii ni hodi, jamani," alisema akiwa amelala chali chini ya meza, miguu tu ikionekana. "Mgeni amepiga hodi. Mwenye nyumba anaacha sufuria, anafungua mlango, anapokea herufi, anarudi jikoni. Kwisha maneno."

"Na mgeni akiwa wa deni?" Nzau akauliza.

"Huyo mwambie baba hayuko."

Kavindu alicheka mpaka tochi ikatikisika. Jina likabaki. Kwa kuwa milango ya mashine zile ilikuwa tofauti, moja komeo liko juu, nyingine chini, nyingine unasukuma badala ya kuvuta, kila mmoja wao alichukua faili lile lile la mwanzo, akalinakili, kisha akalirekebisha kwa ajili ya mashine yake. Ndipo kukawa na hodi tatu. Mwanzoni zilifanana kama mapacha. Halafu kila mwenye nakala akaanza kuitengeneza kivyake, leo kiraka hapa, kesho kiraka pale, bila kuwaambia wenzake, mpaka zikawa kama watoto wa mama mmoja waliolelewa na shangazi watatu.

Kisha Nzau akapata kazi ya benki mjini, akaanza kuvaa viatu vinavyong'aa na kupita Kariobangi siku za harusi tu. Mwanzia akaenda Botswana. Jioni ile alipoaga alimpa kila mtu mkono. Alipofika kwa Kavindu aliushika mkono wake kidogo zaidi, akasema, "Utaniangalizia Dandora?" Kavindu alikuwa na maneno mengi mdomoni, ameyapanga tangu asubuhi. Alisema, "Sawa."

Tangu siku hiyo miaka miwili ilikuwa imepita. Hakulitaja jina lake mbele ya mtu, maana alijua sauti yake ingemsaliti. Lakini kila asubuhi alifuta vumbi juu ya Dandora kwanza, kabla ya kuigusa ile yake mwenyewe.

*

Jumamosi alijifungia katika chumba cha nyuma, akazifungua hodi zote tatu kwenye skrini, moja baada ya nyingine.

Ugonjwa aliujua. Hodi ilipokea herufi, kisha ikasimama palepale mlangoni kuisoma, kuipanga na kuipeleka inakokwenda. Mwanafunzi mwenye vidole vyepesi alikuwa ameshapiga hodi ya pili, hakuna wa kumfungulia, herufi ikapotea. Katika nakala yake ya Tena aliutibu mwaka uliopita: mwenye nyumba apokee tu, aweke kapuni, arudi mlangoni, kapu litapangwa baadaye. Jaribu lake la kwanza lilikuwa kuichukua dawa hiyo na kuibandika kwenye nakala ya Umoja. Haikushika. Nzau alikuwa amehamisha kila kitu, na tena alikuwa na mchezo wa kuviita vitu vyake majina ya chakula. Kapu la Kavindu halikujua likae wapi kati ya "muthokoi" na "isyo_ya_jana".

Alijikuta anatabasamu peke yake. Ilikuwa kama kuingia chumba cha mtu na kukuta koti lake bado liko kwenye msumari. Nzau mzima alikuwa mle, na kelele zake. Katika nakala ya Tena alijikuta yeye mwenyewe, msichana wa miaka minne nyuma, aliyeacha maelezo marefu ya kuomba radhi karibu kila penye mistari kumi: "Samahani, hapa sina hakika." "Samahani, pengine kuna njia nzuri zaidi." Alikuwa akimwomba nani radhi?

Nakala ya Dandora aliiacha mwisho. Mwanzia hakuandika maelezo hata moja. Mistari yake ilikuwa safi, imepangwa sawasawa, kila nafasi mahali pake, kama shati lililopigwa pasi. Kavindu aliisoma polepole kuliko ilivyohitajika.

Kufikia mchana alikuwa ameamua. Hatatibu mara tatu. Akitibu mara tatu, kesho kutwa atatibu mara tatu tena, na yeye ni mmoja. Ataandika hodi moja ya nyumba zote. Namna ya kuitikia, kupokea, kuweka kapuni na kupanga ni ile ile popote. Hayo yatakaa pamoja, yaandikwe mara moja. Kila mashine itabaki na ukurasa wake mdogo tu wa kueleza mlango wangu uko upande gani na komeo langu linavutwa vipi. Basi.

Alifanya kama mama anavyochambua nguo za watoto watatu kabla ya kuhama. Kilichomo katika nakala zote tatu alikiweka. Kilichohusu komeo la mashine moja alikipeleka kwenye ukurasa wake. Vilivyobaki vilikuwa vikorokoro, na aliviaga kimoja kimoja. Kwaheri muthokoi. Kwaheri samahani.

Katika nakala ya Mwanzia kulibaki mistari michache isiyofaa popote. Haikuhusu komeo. Wala haikuwamo kwa wenzake. Ilisema hivi: ukifika mlangoni, hesabu kidogo; ukimaliza kuhesabu na hujapokea kitu, funga, rudi jikoni.

Kwa nini mtu ahesabu? Anayepiga hodi ameleta herufi. Unangoja mpaka uipokee, kama wanavyongoja wenzake wote. Kavindu aliitazama mistari ile kwa muda mrefu, akaona ni ule uangalifu wa Mwanzia tu, mtu aliyekuwa hata akifunga kitasa anakijaribu tena. Aliweka kidole kwenye kitufe cha kufuta. Alikiondoa. Akakirudisha, akafuta, na moyo wake ukafanya jambo dogo lisilo la kompyuta hata kidogo.

*

Jumapili Kariobangi hunyamaza. Nyundo zimelala, mchomelea amekwenda kanisani na suti, kinu cha posho kimefungwa kwa mnyororo. Kavindu alitoka ibada ya kwanza, akafungua chuo akiwa bado na gauni lake la kanisa, akakijenga kiini kipya kwa kila mashine, akaziwasha.

Tena iliamka. Umoja ikaamka. Dandora ikachukua muda, kama ilivyokuwa desturi yake, kisha nayo ikaamka.

Aliandika kwenye kibodi ya kila meza kwa kasi yote aliyokuwa nayo. Aliandika mistari ya zaburi. Aliandika majina ya ndugu zake. Hakuna herufi iliyopotea. Alikaa pale mpaka mama yake akaanza kuulizia kwa majirani kule Tena kwa nini chapati zinapoa, na alipofunga mlango alijihisi mwepesi na mpweke kwa pamoja. Mafaili matatu ya zamani yalikuwa yamefutika. Alikuwa amehifadhi nakala zake kwenye diski ndogo, akaitia mkobani, lakini alijua hakuna mtu atakayeisoma tena.

*

Jumatatu darasa lilijaa. Naftaly alisimama mlangoni mikono nyuma. Ngigi alikuwa amekalia mkokoteni wake nje ya dirisha, kikombe cha chai mkononi, kama mtu aliyekuja kwenye mchezo wa mpira mapema.

"Andikeni," Kavindu alisema. "Haraka kadiri mnavyoweza."

Vibodi vilianza kutatarika. Naftaly alipita nyuma ya wanafunzi akisoma begani mwao. Alifika mwisho wa safu ya kwanza, akatikisa kichwa, si kwa kukataa bali kwa kushangaa. "Ziko zote," alisema. "Hata nukta ziko."

Ndipo ukuta ukatetemeka kidogo, kama kawaida ya kila asubuhi, na meza zote za Dandora zikaganda.

"Mwalimu, yangu imekwama!"

"Na yangu!"

"Yangu imededi kabisa, haki!"

Meza za Tena na Umoja ziliendelea kama kwamba hakuna msiba jirani. Kavindu aliizima Dandora, akaiwasha. Ilifanya kazi vizuri. Kisha ikaganda tena. Nje ya dirisha Ngigi aliweka kikombe chini.

"Pole, mwalimu," alisema, na alimaanisha, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi kuliko dhihaka. "Nianze na hiyo? Hiyo ndiyo nzito."

"Ngoja," Naftaly alisema. Alimtazama Kavindu. "Mpaka chakula cha mchana. Zaidi ya hapo siwezi, unaelewa?"

Kavindu alielewa. Alisimama mbele ya mashine aliyoahidi kuiangalia, na akilini mwake hakukuwa na kitu ila jioni ile na neno lile moja, sawa.

Ni Wanja, msichana mcheshi wa meza ya dirishani, aliyesema, akijizuia kucheka. "Leo mathe ameamkia upande mbaya. Anawasha, anazima, anawasha. Mkanda umekatika tena, mtaona."

Mama yake huyo alikuwa Waruguru, mwenye kinu. Wakati huo huo kinu kilinguruma upya nyuma ya ukuta, na Dandora, ambayo Kavindu alikuwa ametoka kuiwasha mara ya tatu, ikaganda mbele ya macho yake.

Aliutazama ukuta. Aliutazama waya wa meza za Dandora, uliotambaa chini ya ukuta ule ule kwa kuwa meza hizo ziliwekwa upande wenye mwanga. Nyaya za Tena na Umoja zilipita katikati ya chumba. Akatoka nje karibu akimbie.

Waruguru alikuwa mweupe wa unga mpaka kwenye kope. "Kavindu! Habari ya asubuhi, mwanangu? Unataka unga?"

"Hapana, Mama Wanja. Shikamoo. Nataka kuuliza... kinu kikiwaka..." Maneno yalimkwama kama kawaida.

Waruguru aliangua kicheko. "Hata wewe! Yule kijana wenu mrefu alinisumbua hivyo hivyo, yule wa Dandora. Mama, washa. Mama, zima. Anakimbia ndani, anarudi na unga kichwani, mama, washa tena, mara moja tu. Wateja wangu wakadhani nimempa kazi. Nikamwambia, baba, hicho kinu si redio." Alifuta macho. "Alikuwa na adabu. Aliniletea mkanda mpya alipomaliza. Yuko wapi siku hizi?"

"Botswana," Kavindu alisema.

Na pale, katikati ya unga unaoelea, aliwakumbuka watoto wa mtaa wao kule Tena, wanaogonga mlango jioni watu wakiwa mezani, kisha wanatoroka wakicheka. Unafungua, hakuna mtu. Mtu mwenye akili anafunga na kurudi kula. Kinu kilipowaka kilitia mshtuko katika waya, na mashine ikasikia hodi ambayo haikuwa na mgeni. Kiini chake Kavindu, kile kizuri cha pamoja, kilikuwa bado kimesimama mlangoni kikingoja herufi ambayo haikuwa njiani. Mwanzia alijua. Hakuandika maelezo, maana kwake ilikuwa wazi: kila asubuhi kinu kilikuwa kikitetemesha kiti chake. Naye Kavindu alijaribu Jumapili, kinu kikiwa kimefungwa.

Alirudi ndani, akatoa diski mkobani. Mistari ilikuwa palepale, imepigwa pasi. Hakuirudisha kwenye ukurasa wa Dandora peke yake. Aliiweka katika hodi ya pamoja, mlangoni kabisa, ya kila nyumba. Kisha akaanza kujenga upya kiini cha mashine zote tatu, na kujenga huko kulikuwa na mwendo wake ambao hauharakishwi. Wanafunzi waliandika kwa kalamu. Ngigi aliongeza chai. Naftaly alitazama saa yake, akaifunika kwa mkono wa shati, akaitazama tena.

Dandora, iliyokuwa ya mwisho, ilipoamka mara hii, Kavindu alizisogeza nyaya za Tena na Umoja, akazilaza nazo chini ya ukuta wa kinu.

"Unafanya nini?" Naftaly aliuliza. "Hizo zilikuwa salama!"

"Nataka nazo zisikie," alisema.

Kisha akasimama juu ya kiti, karibu na tundu la hewa lililokuwa juu ya ukuta. Darasa zima lilimtazama. Alivuta pumzi.

"MAMA WANJA!" Wanafunzi waliruka. Hawakujua kwamba mwalimu wao alikuwa na sauti ile. Yeye mwenyewe hakujua. "WASHA!"

Ukuta ulitetemeka. Vibodi vikatatarika.

"ZIMA!... WASHA TENA!"

"Hicho kinu si redio!" Waruguru alijibu kwa mbali, akicheka, na kuwasha tena.

Hakuna meza iliyoganda. Naftaly alitembea safu zote, taratibu, mpaka kwenye meza ya mwisho ya Dandora, akaandika jina lake mwenyewe kwa kidole kimoja, akaliangalia lilivyokaa pale, zima.

"Ngigi," alisema bila kugeuka, "kuna feni iliyoungua kule stoo. Beba hiyo."

"Feni!" Ngigi alilia. "Buda, nimekuja na mkokoteni mzima!" Lakini alikwenda kuichukua, na alipopita kando ya Dandora aliigonga mara moja kwa kidole, kwa heshima.

Darasa lilipotoka, Naftaly alibaki nyuma ya kiti cha Kavindu. Hakujua kusoma mistari ile, ila aliona mahali ambapo kialama cha skrini kilikuwa kikimemeta.

"Na hiyo ndiyo iliyookoa? Hiyo fupi?"

"Ndiyo."

"Uliiandika leo?"

Kavindu alikuwa anaandika maelezo juu ya mistari ile, na yalikuwa mafupi, bila samahani. Kinu kikiwaka hupiga hodi na kutoroka. Msiondoe.

"Si yangu," alisema. "Ni ya Mwanzia."

Jina lilitoka kwa sauti ya kawaida, likasikika chumba kizima. Nyuma ya ukuta kinu kilinguruma. Aliongeza jina hilo mwisho wa maelezo, akahifadhi faili, kisha akachukua kitambaa kwenda kuzifuta vumbi zote tatu.